Hatua za Kambo Mwanvua hadi Dilolo

Kambo Mwanvua alianza safari ya kwenda Dilolo siku ya Jumanne, mwanzoni mwa Agosti, akiwa amevaa kandambili za bluu na kitenge chake cha kushindia nyumbani. Jua lilipozama alikuwa bado hajatoka nje ya lango. Hilo halikumshangaza jirani yeyote, kwa kuwa safari yenyewe ilikuwa ya ndani ya lupango, yaani ua wa nyumba yake. Alikwenda kutoka ukuta wa jikoni hadi ukuta wa choo, akageuka, akarudi, akageuka tena, simu ikiwa imefungwa kiunoni kwa kitambaa na kumhesabia hatua bila kumuuliza anakwenda wapi.

Aliyemtuma alikuwa mjukuu wake Yasmine, wa miaka kumi na sita, mwanafunzi wa bweni kwa masista wa Kolwezi. Ni haki kusema mapema kwamba alimtuma kwa mzaha.

Daktari alikuwa ameamuru bibi huyo, kwani Kolwezi bibi huitwa Kambo, atembee kila siku, kwa sababu ya presha na sukari. Kambo aliipokea amri hiyo kama tusi. Alikuwa ameuza vitenge sokoni miaka arobaini na hakuona sababu ya kuinua mguu bila kuwa na shughuli.

"Mutu anatembea kwenda fasi," alisema. "Mi nitembee kwenda wapi? Nizunguke hapa kama mbuzi ya kamba?"

Yasmine, mdomo umejaa karanga, akajibu, "Basi uende Dilolo, Kambo."

Dilolo si jina la kutupwa ovyo katika nyumba ile. Babu Feruzi, mfanyabiashara wa samaki wa chumvi na mume wa Kambo, alifia huko miaka kumi na tisa iliyopita. Homa ilimchukua kwa siku mbili, akazikwa alasiri ya siku aliyokufa kama Waislamu wanavyozika, na habari ilipofika Kolwezi udongo wa kaburi ulikuwa umeshaanza kukauka. Kwanza Kambo alifungwa na eda. Alipotoka eda, treni ikawa inapita inapotaka. Treni iliporudi kidogo, magoti yalikuwa yamekataa. Hivyo hakuwahi kuliona kaburi la mumewe.

Karanga zikamkwama Yasmine kooni. Kambo hakukasirika. Alitazama upande wa magharibi, juu ya ukuta wa choo, muda mrefu, kama mtu anayesoma kibao kilicho mbali. Kisha akaenda kutawadha, akawaita majirani wawili wawe mashahidi, na akaweka nadhiri. Angetembea njia yote ya kwenda Dilolo kwa miguu yake, bila kupunguza hata hatua moja, humo humo lupangoni. Siku atakayofika, ingesomwa hitima ya Feruzi, na mwanawe Akram, aliyekuwa akifanya biashara huko huko Dilolo, mpakani, angesimama kaburini na simu ili mama yake amtolee mumewe salamu. Kabla ya hapo hangemsalimia.

"Simusalimie kama mutu wa mbali," alisema. "Nitamusalimia nikiwa nimefika."

Mzaha wa Yasmine ukawa umetoka mikononi mwake na kuingia mikononi mwa Mungu. Hakuna mchezo wake mwingine uliowahi kupanda cheo namna hiyo.

Ilibaki hesabu, na hesabu ilikuwa ya Yasmine. Simu ilijua hatua tu. Njia ya Dilolo ilipimwa kwa kilomita. Tata Ngoyi, karani mstaafu wa reli aliyeishi nyumba ya tatu, alifungua kijitabu chake chenye harufu ya panya na kumsomea vituo vyote. Kutoka Kolwezi hadi Dilolo, kwa kijitabu hicho, kulikuwa na kilomita mia nne ishirini na mbili na nusu. Ilihitajika sasa kujua hatua moja ya Kambo ina urefu gani.

Kwenye mtandao kulikuwa na wastani wa hatua za wanawake wa dunia nzima. Yasmine aliudharau. Kambo hakuwa mwanamke wa dunia nzima, alikuwa Mwanvua. Kwa hiyo akamwongoza hadi kwenye reli nyuma ya mtaa, ambako watu wote wa pale hupita wakienda sokoni, wakikanyaga mataruma, zile mbao zinazobeba vyuma vya reli, moja baada ya jingine, mguu huu taruma hili, mguu ule taruma lile. Akapima kwa utepe wa fundi cherehani: kutoka taruma hadi taruma, sentimita sitini na tano. Akamwambia bibi yake atembee. Kambo akakusanya kitenge na kutembea, hatua ishirini, zote juu ya mbao, hakukosa hata moja. Yasmine aliandika "0.65" kwenye daftari na kupiga mstari mara mbili chini yake. Aliamini kwamba kama ndugu Newton angekuwa Mkatanga, angepima vivyo hivyo.

Ndipo ukaanza mwaka ule wa ajabu.

Kambo alitembea hatua elfu mbili kila siku, nusu asubuhi na nusu baada ya alasiri. Kila Jumamosi Yasmine aliporuhusiwa kutoka bweni alizidisha, akajumlisha, akamweka bibi yake mahali pake kwenye reli. Mwanzoni alitangaza kwa sauti ya mkuu wa stesheni, huku akipuliza filimbi ya mdomo. Lakini wiki zilipopita sauti hiyo ilimpotea yenyewe, kwa sababu Kambo alikuwa ameanza kuiona njia yenyewe.

Alikuwa akitembea macho nusu wazi, na lupango lilikuwa likimwachia njia. Ukuta wa jikoni ulirudi nyuma polepole kama watu wanaoaga kwenye jukwaa la stesheni. Kamba ya nguo ikawa waya wa simu wa reli, wenye ndege wamekaa kwa mstari. Mvua za Novemba zilipoanza alitembea barazani kwa kwenda na kurudi, akasema anapita kwenye majani marefu na kitenge kimelowa hadi magotini; na Yasmine alipokishika kitenge, kilikuwa kimelowa kweli, ingawa paa la baraza lilivuja na hilo lilitosha kuwa sababu. Huko Mutshatsha, alisema, wanawake walimwonjesha asali kwenye jani. Kituo cha Kasaji alikipita asubuhi ya ukungu, hakuona chochote ila kengele ya kanisa, ambayo aliisikia kwanza mbele yake, halafu pembeni, halafu nyuma.

"Kengele inapita, Kambo?"

"Mi ndiye nilipita. Yenyewe ilibaki."

Bwenini, saa ya mapumziko ya mchana, Yasmine alilala chali na kusikiliza malori ya mgodi yakinguruma kuelekea Fungurume. Vumbi jekundu lilielea kwenye mwanga wa dirisha. Alifumba macho, akamwona bibi mdogo mwenye kandambili za bluu akienda peke yake kwenye reli ndefu, hana mzigo, haharakishi, na mbele yake hakuna kitu ila mataruma yanayojipanga yenyewe kadiri anavyoyafikia. Mara nyingi alilala hapo hapo na kuota anamfuata kwa nyuma, akijaribu kumwita, na kila alipofungua mdomo ilitoka namba.

Isidhaniwe kwamba alikuwa ameokoka. Muhula huohuo alibandika kwenye mlango wa ukumbi wa chakula tangazo lenye mhuri wa kiazi, likisema kwamba kuanzia sasa maharage yatagawiwa kwa mpangilio wa alfabeti ya majina ya ukoo. Wasichana mia moja na themanini walijipanga bila kunung'unika, na rafiki yake Tshibola, kwa kosa la kuzaliwa na herufi T, alikula ukoko. Hakusema na Yasmine kwa siku mbili.

Malonga ndiko kulikotokea jambo kubwa. Ilikuwa Mei, baridi imeanza. Yasmine alipofika nyumbani Jumamosi hiyo alimkuta Kambo amekaa kwenye kiti, mikono mapajani, uso umetulia kama maji ya ndoo. Alimweleza taratibu kwamba jana, hatua ya mwisho mwisho, alimwona Feruzi. Alikuwa amesimama kwenye kituo cha Malonga na kofia yake ya kusokotwa, akimngojea. Hakusema naye, kwa sababu ya nadhiri. Walitazamana tu, akapita.

"Alizeeka?" Yasmine aliuliza.

"Kidogo, lakini alinijua."

Hatua zilipofika elfu mia sita arobaini, mambo yalienda mbio. Hitima ilipangwa Jumapili ya mwisho ya Juni. Mwalimu wa madrasa aliarifiwa. Mchele ukanunuliwa, na mbuzi. Tonton Akram, yule mwanawe Kambo, alipiga simu kutoka Dilolo kusema amepalilia kaburi na kulipaka chokaa. Masista walimruhusu Yasmine aende nyumbani tangu Alhamisi, wakiwa na furaha iliyozidi adabu kidogo.

Alhamisi hiyo alasiri vijana walileta turubai la kukodi. Lilikuwa jipya, na mwenyewe alisisitiza kwamba lina urefu wa mita kumi na sita kamili, wasije wakalirudisha fupi. Walilitandaza chini kulikagua, na likalala sawasawa kutoka ukuta wa jikoni hadi ukuta wa choo. Kambo, ambaye alikuwa na hatua zake za jioni na hakutaka kuzikosa kwa ajili ya sherehe ya hatua hizohizo, aliendelea kutembea kandokando ya turubai. Yasmine alikuwa amekaa kizingitini akichambua mchele. Bila kukusudia, kama mtu anavyohesabu matone ya bomba, akamhesabia.

Arobaini.

Akadhani amekosea. Kambo akageuka, akarudi. Arobaini. Akaenda tena. Arobaini na moja, lakini ya mwisho ilikuwa ya kumkwepa kuku.

Mita kumi na sita, hatua arobaini. Mchele ulibaki umetulia kwenye ungo. Yasmine aliona hesabu yenyewe ikija, bila haraka, kutoka mbali, kama treni ya mizigo: sentimita arobaini. Hatua ya Kambo ilikuwa sentimita arobaini. Zile sitini na tano zilikuwa za reli. Mtu wa mtaa ule, hata awe na miaka sabini na minne na magoti mabovu, ukimweka juu ya mataruma atakanyaga mataruma, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa akiwa mtoto, na taruma halimsogelei mtu. Hakuwa amepima hatua ya bibi yake. Alikuwa amepima reli, akaiandika jina la bibi yake, akapiga mstari mara mbili.

Hatua elfu mia sita hamsini, hata zikitimia Jumapili, mara sentimita arobaini. Kilomita mia mbili sitini. Kambo hakuwa amebakiza siku tatu kufika Dilolo. Alikuwa amepita Kasaji kidogo.

Usiku huo na siku nzima ya Ijumaa Yasmine alikuwa mwema kupita kiasi, jambo lililowatia watu wasiwasi. Alijiambia kwamba hakuna anayejua. Alijiambia kwamba Mungu anaangalia nia. Alijiambia pia kwamba zimebaki kilomita mia moja sitini na mbili na nusu, siku mia mbili na tatu kwa miguu ile, na kwamba magoti yale yanaweza yasizifikishe. Kila hoja ilikuwa nzuri. Tatizo ni kwamba alizijua zote. Ndizo hoja alizotumia siku zote mbele ya masista, na hakuna hata moja aliyowahi kuiamini. Akamwona Kambo Jumapili, kichwa kimeinamia simu, akimwambia mumewe kwamba amefika, wakati hajafika. Salamu ya miaka kumi na tisa, na ndani yake kosa lake yeye.

Jumamosi asubuhi alimfuata jikoni.

"Kambo, hatuyafika Dilolo."

Kambo alikuwa akimenya vitunguu saumu. "Leo hapana, mama," alisema kwa upole. "Michezo yako uiache ku masista. Kesho nikimaliza utanichekesha."

"Si muchezo. Mi nilikosa."

"Hata wakati uliniambia Tata Ngoyi anataka kuniposa, ulisemaka si muchezo. Nikavaa hereni."

Hapo ndipo Yasmine alipojua bei ya maisha yake. Kwa miaka kumi na sita alikuwa amesema uongo kwa uso wa jeneza, na sasa alikuwa na ukweli mmoja na uso uleule. Akatoa mfukoni kipande cha chaki, ambacho haijulikani kilitokaje darasani, akamwomba bibi yake jambo moja tu: atembee kutoka ukuta hadi ukuta, kama siku zote. Kambo alifuta mikono, akatoka uani, akatembea. Yasmine alimfuata kwa magoti, na kila kisigino kilipogusa sakafu ya saruji akachora mstari. Halafu akalaza utepe kando ya mistari, akasogea pembeni.

Kambo aliinama akatazama. Mistari ilikuwa midogo, imekaribiana, kama mishono ya mtu anayeona vibaya. Alitazama mwanzo hadi mwisho. Alikuwa amepima vitambaa maisha yake yote, na hakuna aliyehitaji kumsomea utepe.

"Niko wapi?" aliuliza.

"Kasaji. Umepita kidogo."

Alikaa kwenye kiti. Yasmine alingoja kufukuzwa, alingoja hata kofi, na angeshukuru kwa lolote kati ya hayo mawili.

"Basi Malonga," Kambo alisema mwishowe, "ile nilionaka, ilikuwa nini?"

Kwa mara ya kwanza Yasmine hakutunga kitu. Aliketi chini, kichwa chake karibu na magoti yale mabovu, akalia. Kambo hakumbembeleza. Baadaye alinyoosha mkono akauweka juu ya kichwa chake, akiwa bado anatazama juu ya ukuta wa choo, na mkono ulikuwa unanuka kitunguu saumu.

"Siku ngapi?"

"Mia mbili na tatu. Utafika Januari, katika mvua."

Kambo alifikiri. Kisha uso wake ukapata sura nyingine, ambayo watu wa soko la Kolwezi waliijua vizuri.

"Hii hatua yangu," alisema, "uiongeze kidogo. Andika makumi ine na tano."

"Ni makumi ine, Kambo," Yasmine alishikilia arobaini yake.

"Makumi ine na mbili. Tumalizane."

Yasmine alipangusa pua. Angempa dunia nzima, kama dunia ingekuwa inahitajika. "Makumi ine," alisema.

Kambo akatikisa kichwa kama mteja aliyekutana na muuzaji mgumu, akarudi kwenye vitunguu vyake. Lakini hakuonekana kukasirika. Ilikuwa kana kwamba amepapasa kitambaa na kukuta ni kizito.

Jumapili watu walikuja, kwa kuwa mbuzi alikwisha kuchinjwa na mbuzi wa hivyo harudishwi. Kambo mwenyewe aliwaeleza mlangoni kwamba hitima itasubiri hadi Januari, na chakula hiki ni cha kumpumzisha msafiri njiani. Mwalimu wa madrasa alisita kidogo, akaomba dua ya msafiri, akala. Tata Ngoyi, ambaye hakuambiwa habari ya hereni, alisema Kasaji ni mahali pazuri pa kupumzika. Alifanya kazi huko mwaka mzima. Hakuna aliyecheka. Walikula chini ya turubai katika mwanga wa kijani, wakizungumza kwa sauti ndogo, kama abiria.

Hakuna aliyekumbuka kumwarifu Tonton Akram. Saa tisa simu ikalia kiunoni mwa Kambo. Yasmine aliifungua na kuiweka sauti kubwa. Kulikuwa na upepo, na sauti ya majani makavu.

"Mama, niko hapa, ku kaburi. Sema sasa."

Watu wote waliacha kutafuna. Kambo aliishika simu kwa mikono miwili. Yasmine aliona midomo yake ikianza kupanga salamu, ile ya miaka kumi na tisa, iliyokuwa karibu kabisa. Akaona ikifungwa tena.

"Akram, mi siyafika," alisema. "Niko Kasaji."

"Kasaji?"

"Nimepita kidogo. Umuambie baba yako sitamusalimia leo. Njia ni ndefu kuliko batu balisema. Umuambie nakuya."

Walisikia akikohoa, akisogea, labda akichuchumaa. Kisha, kwa mbali, wakamsikia mwanamume wa miaka hamsini akisema chini chini, kwa heshima, kama mtoto aliyetumwa: "Baba, Mama iko Kasaji. Anasema anakuya."

Upepo ulipita kule Dilolo. Ulipita muda mrefu.

"Amesema nini?" Kambo aliuliza.

"Hajasema kitu, Mama."

Kambo akaifunga simu kiunoni, akaingiza vidole kwenye kandambili zake za bluu, akaelekea ukuta wa jikoni kuanzia hapo.

"Ni yeye kabisa," alimwambia Yasmine alipompita. "Nikichelewaka, hasemaka kitu."